Kibuki kilitoka wapi? Uzi wa lugha za bonde la mto Barito na ndugu yao aliyevuka bahari

MsomaLugha (mtoa uzi)

Wadau, salaam.

Kila mada ya Madagaska ikiibuka hapa jukwaani, mmoja anasema Wabuki ni Waindonesia, mwingine anasema ni Waafrika, na kabla ya ukurasa wa pili tumeshaanza kupimana nywele na rangi. Leo naomba tuongee lugha tu. Kibuki, yaani Kimalagasi, ukoo wake unajulikana, na namna ulivyojulikana ni kazi ya akili ambayo mimi imenivutia kwa miaka mingi. Nataka tuipitie hatua kwa hatua.

Lugha za Kiaustronesia ni zaidi ya 1,200. Zinaanzia Taiwan, zinapita Ufilipino, Indonesia na Malaysia, zinafika Hawaii, New Zealand na kisiwa cha Rapa Nui, na huku upande wetu zinaishia Madagaska na Maore (Mayotte). Mtaalamu Robert Blust alizigawa katika matawi makuu kumi. Tisa yako Taiwan peke yake. Zilizobaki zote, Kimalei, Kijava, Kitagalog, Kimaori na Kibuki, ni tawi la kumi. Hilo la kumi ni kubwa mno, kwa hiyo kusema "Kibuki ni Kiaustronesia" ni sawa na kusema "Kiswahili ni Kibantu". Ni kweli, lakini hujamwambia mtu nyumba, umemwambia mji tu.

Nyumba yenyewe iko hapa. Kwenye kisiwa cha Borneo, upande wa Indonesia wanaouita Kalimantan, kuna mto mkubwa unaitwa Barito. Unashuka kutoka nyanda za juu katikati ya kisiwa, unapita karibu na mji wa Banjarmasin, unamwaga maji bahari ya Java. Mashariki ya mto huo, pande za Tamiang Layang, wanakaa Wamaanyan. Ni wakulima wa mpunga wa bara. Lugha yao, pamoja na Kisamihim, Kipaku, Kidusun Witu na Kidusun Malang, ni kikundi kidogo kinachoitwa Barito ya Kusini-Mashariki. Na Kibuki kimo humo humo, ni mmoja wa hao ndugu. Wenzake wako upande mmoja wa mto mmoja, yeye yuko kilomita zipatazo 7,000 ng'ambo ya bahari ya Hindi, na wasemaji wake zaidi ya milioni 25 wanawazidi ndugu zake wote ukiwajumlisha.

Naendelea chini. Tafadhali niachieni post moja kabla ya kuuliza.

MsomaLugha

Hesabu kwanza. Kibuki kushoto, Kimaanyan katikati, Kimalei kulia:

mbili: roa – rueh – dua
tatu: telo – telu – tiga
nne: efatra – epat – empat
tano: dimy – dime – lima
sita: enina – enem – enam
saba: fito – pitu – tujuh
nane: valo – walu – delapan
tisa: sivy – suei – sembilan

Kabla hujasoma zaidi, jua kwamba kwenye maandishi ya Kibuki herufi "o" inatamkwa "u". Ni matokeo ya tahajia iliyowekwa enzi za mfalme Radama wa Kwanza, mwaka 1823, alipokuwa anashauriana na wamisionari. Kwa hiyo "telo" mdomoni ni telu, "fito" ni fitu, "valo" ni valu. Maji kwa Kibuki yanaandikwa "rano", yanasemwa ranu. Kwa Kimaanyan, maji ni "ranu". Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Mengine: jiwe ni vato na watu, mwezi ni volana na wulan, ndege ni vorona na wurung, kufa ni maty na matei, moto ni afo na apuy.

Mdadisi255

Mkuu uzi mtamu, lakini nina pingamizi. Mbingu kwa Kibuki ni "lanitra", na Kimalei ni "langit". Nne ni efatra na empat. Mwezi kwa Kimalei ni "bulan", haiko mbali na volana. Kwa nini basi tusiseme Kibuki ni mtoto wa Kimalei, lugha ambayo angalau tunajua wenyewe walikuwa mabaharia? Hao Wamaanyan umesema mwenyewe ni wakulima wa bara. Walivukaje?

MsomaLugha

Mdadisi, umegusa moyo wa mada yote. Nitaanza na la lugha, la kuvuka nitalirudia.

Kufanana peke yake hakuthibitishi kitu. Sisi tunasema "mtu", Wazulu wanasema "umuntu", Wakongo "muntu". Je, Kiswahili na Kizulu ni pacha? Hapana, wote tumerithi kwa babu mmoja wa zamani sana, na Wabantu karibu wote tunalo. Neno lililobaki kama lilivyokuwa halisemi nani yuko karibu na nani. "Lanitra" na "langit" ni hivyo hivyo, neno la babu, lipo kila mahali.

Kinachosema ni badiliko. Tafuta kitu ambacho babu hakuwa nacho, kikazuka kwa watoto wawili tu. Angalia tano. Neno la kale ni "lima", na limebaki lima kuanzia Taiwan hadi Pasifiki. Kimalei, lima. Kingaju, lugha jirani kabisa wa magharibi ya Barito, lime. Lakini Kimaanyan, dime. Kibuki, dimy. Sauti "l" ikitanguliwa na chochote lakini ikifuatwa na "i" imegeuka "d". Si ajali ya neno moja: ngozi kwa lugha ya kale ni "kulit", Kimalei kulit, Kimaanyan kudit, Kibuki hoditra (soma huditra). Lakini "telu" haikuguswa, maana baada ya "l" kuna "u". Kanuni hiyo hiyo, mahali pale pale, katika lugha zilizo ng'ambo ya bahari. Hapo ndipo mtu anaweza kusema hawa walikaa nyumba moja.

Na Kimalei kimejifungia mlango chenyewe. Saba, nane na tisa za Kimalei, tujuh, delapan, sembilan, si maneno ya babu. Delapan maana yake ya asili ni "mbili zimetolewa" (katika kumi), sembilan ni "moja imetolewa". Kibuki kimeshika fito, valo, sivy, ambayo ndiyo ya zamani. Mtoto hawezi kurithi kitu ambacho mzazi alishakitupa. Kwa hiyo Kimalei si mzazi.

Kaskazi_Tanga

Hapo nimekuelewa vizuri. Ila ngoja nikubane: sisi tuna sita, saba, tisa za Kiarabu. Mtu akitupima kwa hesabu atasema nini?

MsomaLugha

Atasema Waswahili walifanya biashara na Waarabu, na atakuwa sahihi. Lakini moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zitamwambia ukoo, na viambishi vya ngeli vitamaliza ubishi. Kukopa na kurithi ni vitu viwili, na mtaalamu mzuri kazi yake ni kuvitenganisha.

Ndiyo maana naheshimu sana kazi ya mtaalamu wa lugha Alexander Adelaar. Alipitia maneno ya Kibuki yaliyofanana na Kimalei, akaonyesha mengi yamekopwa baada ya Kibuki kuwa kimeshajitenga. Hata viungo vya mwili vimo: "molotra", midomo, imetoka kwa Kimalei "mulut", mdomo. Na wewe kwa jina lako, Kaskazi, hili lifuatalo ni lako.

Magharibi kwa Kimalei ni "barat". Mashariki ni "timur". Kwa Kibuki "avaratra" ni kaskazini, na "atsimo" ni kusini. Ni maneno yale yale, lakini dira imezunguka. Imekuwaje?

Kaskazi_Tanga

Upepo!

MsomaLugha

Upepo. Mtu wa mwambao hahitaji kufundishwa, maana sisi "kaskazi" ni pepo kwanza, ndipo pakawa "kaskazini". Kule Indonesia pepo za mvua huvuma kutoka magharibi, na zinaitwa kwa jina hilo. Pepo za kiangazi hutoka mashariki. Baharia aliyezoea kuita pepo za mvua "barat" akifika Madagaska anakuta pepo zake za mvua zinamjia kutoka kaskazini. Jina akalibakiza kwenye upepo, upande ukamfuata upepo. Na zile za kiangazi, kusi yetu sisi, zikampa "atsimo". Maneno hayo mawili yanatuambia kwamba watu wa kwanza wa Kibuki walijifunza bahari kutoka kwa wasemaji wa Kimalei, na wakaja nayo hadi huku.

Na hapo ndipo jibu la Mdadisi linapopatikana. Wamaanyan hawakuwa mabaharia, lakini ufalme wa Srivijaya wa kule Sumatra ulikuwa na merikebu, na Wamalei walifanya biashara pwani ya Borneo. Adelaar anaona kundi la watu wa Barito lilisafiri chini ya Wamalei, kama mabaharia na watumishi, karibu karne ya 7. Kibuki kina pia maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, yaliyopitia Kimalei na Kijava, kwa hiyo safari haiwezi kuwa ya kabla athari za Kihindi hazijafika kule. Otto Christian Dahl, aliyeanzisha hoja hii, alikuwa ameiweka mapema zaidi, karne ya 5.

BintiMkunazini

Mtoa uzi, samahani, Dahl ndiye nani? Na mimi Unguja nilikua nikisikia "kibuki" ni ngoma ya pepo, sikujua ni lugha. Bibi alikuwa akisema hao pepo ni wa Bukini, wana adabu zao na hupenda brandi.

MsomaLugha

Dada, bibi yako alikuwa sahihi kabisa. Bukini ni jina letu la zamani la Madagaska, na pepo wa kibuki wanahesabiwa kuwa wametoka huko. Jina hilo hilo ndilo lililobaki Maore: lugha inaitwa Kibushi.

Dahl alikuwa mmisionari Mnorwe aliyeishi Madagaska. Mwaka 1951 alichapisha kitabu cha kulinganisha Kibuki na Kimaanyan, na tangu hapo hakuna mtaalamu makini aliyeweza kulitoa wazo hilo. Lakini kwamba Kibuki kina undugu na lugha za mashariki ya mbali ilijulikana kitambo. Mholanzi Frederick de Houtman alichapisha mwaka 1603 kamusi iliyoweka Kimalei na Kibuki ndani ya jalada moja. Miaka zaidi ya 400 iliyopita! Kilichokuwa hakijulikani ni nyumba, si mji.

Na kuna mtu mmoja katikati hapo nimtaje kwa ajili ya Watanzania. Otto Dempwolff, Mjerumani, ndiye aliyeandika kati ya 1934 na 1938 msingi wa kisasa wa kulinganisha sauti za lugha za Kiaustronesia, na Kibuki ni mojawapo ya lugha alizozitumia. Mtu huyo huyo alikuwa daktari wa jeshi Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1916 alichapisha kitabu juu ya Wasandawe na lugha yao ya vidoko (sauti za kudokoa ulimi), wa huku kwetu Dodoma. Nikimfikiria anasikiliza Kisandawe Usandawe, kisha anarudi Hamburg kushughulika na sauti za Pasifiki, nafurahi.

Fundi_Jahazi

Mimi nitawapinga kwa sayansi. DNA imeshapimwa. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha Wamaanyan si ndugu wa karibu wa Wabuki kwa damu. Walio karibu zaidi ni Wabanjar, wale wa mjini Banjarmasin, na Wabanjar wanasema Kimalei. Kwa hiyo nadharia ya Dahl imekufa.

MsomaLugha

Fundi, taarifa zako ni sahihi, hitimisho ndilo ninalolikataa. Tafiti zilizotoka 2016 kweli ziliwaona Wabanjar karibu zaidi na upande wa Asia wa Wabuki. Lakini Wabanjar ni watu wa mdomo wa Barito, mji wa bandari. Jirani zao wa ndani ni hao hao Wamaanyan. Kinachoelekea kutokea ni kwamba watu wa bandari walikuwa mchanganyiko wa Wamalei na wenyeji wa Barito. Sehemu yao ilipanda merikebu ikiwa bado inasema lugha ya kienyeji, na waliobaki baadaye wakahamia Kimalei. Damu inabaki mahali lugha imeondoka. Mifano ya watu kubadili lugha bila kubadili wazazi tunayo tele Pangani na Bagamoyo.

Na hata upande wa lugha naomba tusahihishe maneno: Kibuki hakikutoka kwa Kimaanyan. Vyote viwili vimetoka kwa lugha moja ambayo leo haisemwi na mtu. Shikomori hakikuzaliwa na Kiunguja, ni ndugu. Ni hivyo hivyo.

DNA hiyo hiyo inasema pia kwamba Wabuki kwa jumla wana asili ya Asia na Afrika kwa viwango vikubwa vyote viwili. Na lugha inakubali. Ng'ombe ni "omby", kondoo ni "ondry", kuku ni "akoho", kanga ni "akanga", punda ni "ampondra", na mbwa kwa lahaja za pwani ni "amboa". Mtu wa Lamu hahitaji kutafsiriwa. Banda lote la mifugo limetoka kwa Wabantu.

Zaidi ya maneno, Dahl mwaka 1954 alipendekeza kwamba hata mdomo ulibadilika. Kimaanyan kinafunga silabi: wulan, langit, epat. Kibuki kimefungua zote: volana, lanitra, efatra. Nani hawezi kuvumilia neno kuishia na konsonanti? Sisi. Tulipewa "kitab" tukasema kitabu, "qalam" tukasema kalamu. Dahl aliona Wabantu waliojifunza Kibuki ndio waliokipa irabu za mwisho. Wapo wanaobishana iwapo ilitokea Madagaska kwenyewe au njiani, kwa mfano Komoro, ambako wachimbaji walipata mabaki ya mpunga na choroko za Asia za karne ya 8 hadi ya 10. Ila kwamba kuna mkono wa Kibantu, mimi naamini bila shaka.

Mdadisi255

Nimekubali la Kimalei. Sasa hilo kundi la Barito lenyewe, mipaka yake iko wapi? Umetaja Kingaju halafu umekiacha nje.

MsomaLugha

Swali zuri, na hapa wenye taaluma wenyewe hawajakaa sawa.

Alfred Hudson mwaka 1967 alikusanya maneno ya bonde zima akatoa ramani: Barito ya Magharibi yenye Kingaju, Barito ya Mashariki yenye Kimaanyan na wenzake pamoja na Kilawangan, Kitaboyan na Kidusun Deyah, na Mahakam yenye Kitunjung. Akaziita zote ukoo mmoja. Blust mwaka 2007 akauongeza ukoo: akasema lugha za Wasama-Bajau, wale watu wa kukaa mashuani wa Ufilipino, Sabah na Sulawesi, asili yao nayo ni Barito. Ikiwa ni kweli, bonde moja la mto limetoa makundi mawili ya kuzagaa baharini, moja kuelekea Ufilipino na jingine hadi Antsiranana, kaskazini mwa Madagaska. Wazo hilo lina uzuri wake na siwezi kulificha.

Kisha akaja Alexander Smith, aliyeainisha lugha za Borneo zote kwa tasnifu yake ya Hawaii ya 2017, na mwaka uliofuata akaandika juu ya Barito peke yake. Akatumia kipimo kile kile nilichokueleza: nionyesheni badiliko moja walilo nalo wote na wengine hawana. Akaona halipatikani. Kuna badiliko linalogusa lugha A na B, lingine B na C, lingine C na D, lakini si moja linalozifunika zote kama shuka. Hiyo si familia ya mti wenye shina. Ni mlolongo wa lahaja zilizokaa jirani, zikaambukizana, zikaachana polepole.

Fikiria Kiamu, Kimvita, Kivumba, Kimtang'ata, Kiunguja. Kila kimoja kina kitu na jirani yake wa kusini na kitu kingine na jirani yake wa kaskazini. Ukikata kwa kisu popote, umekata ndugu. Barito kubwa iko hivyo. Hata hesabu za Kingaju: sita ni "jahawen", ambayo haina uhusiano na enem wala enina.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu: lile kundi dogo la Kusini-Mashariki, la dime na dimy, limesimama imara. Barito kubwa ni mtaa, si nyumba.

Mwana_Maore

Wajomba, nimesoma uzi mzima nikiwa kazini, nimeshindwa kujizuia. Mimi wa Maore, kwa mama Kibushi. Tunahesabu areki, aroyi, telu, efatra, dimi, kisha... sita kwetu si "enina". Tunasema tsuta. Halafu fitu, valu, sivi, fulu. Hiyo tsuta si ni sita yenu?

MsomaLugha

Karibu sana jamaa yangu, na asante. Umetuletea telu na valu zilizoandikwa kama zinavyosemwa.

Hiyo tsuta inavutia. Enina ya babu imeondoka na nafasi yake imekaa mgeni, na ng'ambo ya maji yako wanasema sita. Lakini "inafanana" ndiyo hoja niliyokuwa naikataa tangu juu, sitaikubali kwa sababu tu inatupendeza. "Ts" badala ya "s" na "u" badala ya "i" lazima ziwe na kanuni inayoonekana kwenye maneno mengine pia. Umeniandikia tsuta. Mama huitamkaje hasa, kuna "i" inayosikika kabla ya "u"? Na maneno mengine ya Kiswahili au Shimaore yanayoanza na "si" yakiingia Kibushi yanageuka nini? Ukipata hata matano, yaandike hapa hapa chini, na ya wazee uyatenge na ya vijana.

Mwana_Maore

Mama anasema kama kuna "i" ndogo ndani. Jumapili naenda kijijini kwa bibi. Nitaandika kila nitakalolisikia.